Miguu Tuliyopewa: Somo la Afya kwa Watu wa Kandokando ya Ziwa



Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo wengi wataliona dogo, yaani namna tunavyokwenda kutoka mahali hata mahali. Twataka kueleza jinsi kwenda kwa miguu, kuendesha baiskeli, na kusafiri katika gari la watu wengi kunavyoleta afya, si kwa mtu mmoja tu, bali kwa mji mzima. Tena twataka kusema wazi kwa nini dawa hii isiyo na bei inaanza kupotea katikati yetu, na kwa nini wale ambao wangali wakiitumia huitumia kwa hatari. Walimu na wainjilisti wanaombwa walisome somo hili pamoja na watu wao, sehemu kwa sehemu. Mwishoni yako maswali. Yaulizwe na kujibiwa bila haya.

1. Jinsi watu walivyosafiri zamani

Watu wa nchi zetu walijulikana tangu kale kwa nguvu za miguu yao. Wasukuma na Wanyamwezi walichukua mizigo ya misafara mpaka pwani ya bahari na kurudi, safari ya miezi. John Hanning Speke, Mwingereza, alipolifikia ziwa upande huu wa Mwanza mwaka 1858, hakuja kwa chombo chochote. Alikuja kwa miguu pamoja na wapagazi wake. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Lakini hata baada ya hayo, mtu aliyetaka kutoka kijiji hata kijiji alitumia miguu yake, au mtumbwi, na baadaye baiskeli.

Baiskeli ilipendwa sana katika Usukuma, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi ni tambarare. Hata leo twaona mtu amefunga vyombo vya maziwa pande mbili, mwingine amepakia gunia la mkaa, na mama amekaa nyuma na mtoto mgongoni. Wainjilisti wengi waliwafikia watu wa vijiji vya mbali kwa chombo hicho, nao walijua kuziba pancha kama walivyojua kusoma.

Hata neno bodaboda, ambalo leo latufanya tufikiri habari za pikipiki, lilianza kwa baiskeli. Katika mji wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana waliwachukua wasafiri nyuma ya baiskeli zao kutoka kituo cha mpaka wa nchi moja hata kile cha nchi ya pili, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Injini ilikuja baadaye.

Hatusemi haya ili tutamani siku za kale. Katika siku hizo mama mwenye uchungu wa kuzaa aliweza kufa njiani kabla hajafika kwa mkunga. Gari lamwokoa mgonjwa, na pikipiki yamfikisha muuguzi mahali pasipofika gari. Mambo haya ni mema, nasi twayashukuru. Lakini kitu chema chaweza kutumiwa pasipo kipimo, na hapo ndipo shida yetu ilipo.

2. Yaliyobadilika

Mji wa Mwanza umekua upesi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, wilaya mbili za mji, yaani Nyamagana na Ilemela, zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1. Nyumba zimepanda vilima vyenye mawe, zikaenea upande wa Nyegezi na Buhongwa, na upande wa Igoma. Mtu hulala mahali pamoja, hufanya kazi mahali pengine, na soko liko mahali pa tatu. Katika kila njia panda wako vijana wenye pikipiki, nao huita kwa adabu: "Mama, twende?" "Baba, nikupeleke?" Naye baba, ambaye safari yake ni ya dakika 10 kwa miguu, hupanda.

Twamjua mtu mmoja, mtumishi wa usharika, wala hatutalitaja jina lake. Kwa miaka mingi alikwenda kwa baiskeli kwenye mitaa yake, asubuhi na jioni, jua na mvua. Watu wema walimhurumia wakamnunulia pikipiki. Alifurahi, nasi tulifurahi pamoja naye. Lakini tangu siku ile hata nyumba ya jirani aliiendea kwa pikipiki. Mwili wake ukawa mzito, naye akasifiwa kwamba amependeza. Baada ya miaka michache alianza kuumwa kichwa na kusikia kizunguzungu. Alipopimwa katika zahanati, aliambiwa kwamba ana shinikizo la damu, lile ambalo watu huliita presha.

Hatusemi kwamba pikipiki peke yake ilimletea ugonjwa huo. Umri una sehemu yake, na chumvi nyingi, na unene, na urithi wa ukoo. Lakini mganga alimwuliza, "Siku hizi mwili wako wafanya kazi gani?" naye akakosa jibu.

Mtu huyu si peke yake. Hospitali ya Bugando, ile iliyo juu ya kilima chake hapo Mwanza, hupokea wagonjwa wa kanda yote ya ziwa. Utafiti wa miaka 3 uliofanywa katika wodi zake na kutangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba magonjwa yatokanayo na shinikizo la damu, kama kiharusi, na kushindwa kwa moyo na figo, yalikuwa ya pili kati ya sababu za vifo vya wagonjwa wazima, yakitanguliwa na UKIMWI tu. Tulizoea kudhani kwamba hayo ni magonjwa ya Wazungu na ya matajiri. Basi tujue kwamba yamekwisha kuingia katika nyumba zetu.

3. Kwa nini mwili wahitaji mwendo

Moyo ni msuli, kama msuli wa mkono. Mkono wa mkulima una nguvu kwa sababu hushika jembe kila siku, na moyo nao hupata nguvu ukipewa kazi. Mtu akienda kwa haraka kidogo, moyo wake husukuma damu kwa wingi, na mishipa yake hujifunza kutanuka. Misuli ya miguu, ambayo ni mikubwa kuliko mingine mwilini, huchukua sukari iliyo katika damu na kuitumia. Kwa hiyo ugonjwa wa kisukari hupata nafasi ndogo. Mifupa huimarika, usingizi huja vizuri, na moyo wenye huzuni hupata nafuu.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ambayo kila abiria wa daladala aweza kuielewa. Katika mji wa London, tabibu mmoja, jina lake Jerry Morris, aliwachunguza watu wa mabasi makubwa yenye ghorofa mbili. Kila basi lilikuwa na dereva na kondakta. Wote wawili walifanya kazi katika gari lile lile na katika mji ule ule. Lakini dereva alikaa kitako siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Mwaka 1953 Morris na wenzake walitangaza waliyoyaona: makondakta walishikwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Hali kadhalika kwa watu wa posta: waliopeleka barua kwa miguu au kwa baiskeli walikuwa na mioyo mizima kuliko makarani waliokaa mezani. Wataalamu waliowafuata wamelichunguza jambo hili kwa njia nyingi na katika nchi nyingi, na neno lenyewe limesimama.

Je, mtu ahitaji mwendo kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika maongozi yake ya mwaka 2020, lasema kwamba mtu mzima apate dakika 150 hata 300 kwa juma za kazi ya mwili ya kadiri, na mtoto wa umri wa shule apate dakika 60 kwa siku. Tusiogope hesabu hii. Mtu akienda robo saa kwa miguu kwenda kazini au sokoni, na robo saa kurudi, amepata dakika 30. Akifanya hivyo siku 5 katika juma, amepata dakika 150. Hakununua kitu, hakwenda uwanja wa michezo, wala hakutafuta saa ya ziada.

Labda mtu atauliza, "Nitajuaje kwamba mwendo wangu watosha?" Kipimo ni rahisi. Nenda kwa mwendo ambao waweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Wanakwaya wetu na wajipime hivyo. Ukiweza kuimba ubeti mzima bila kuhema, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa hata kusema, punguza.

Walakini ulimwenguni kote watu wanakaa kuliko zamani. Shirika hilo hilo limehesabu kwamba katika mwaka 2022 watu wazima 31 katika kila 100 hawakupata mwendo wa kutosha. Wakulima wetu na wavuvi wetu wengi hawamo katika hesabu hiyo. Lakini karani, mwalimu, dereva, mshonaji, muuza duka, na mchungaji pia, na wajihesabu.

4. Afya ya mji mzima

Mpaka hapa tumesema habari za mtu na mwili wake. Sasa tuutazame mji, maana namna ninavyosafiri mimi yamgusa na jirani yangu.

Kwanza ni hewa. Moshi wa injini una chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Huingia ndani ya mapafu, nyingine hupita mpaka katika damu, na huleta pumu, maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema vya watu milioni 4.2 katika mwaka 2019. Moshi huo hautoki katika magari peke yake, bali pia katika viwanda, takataka zinazochomwa na majiko. Lakini katika barabara za mji sehemu ya magari si ndogo. Baiskeli haitoi moshi, wala miguu haitoi.

Pili ni ajali. Katika mwaka 2021 watu yapata milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu waendao kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 29, hakuna sababu ya kifo inayoishinda hiyo. Yafaa wazazi walisome neno hili mara mbili.

Tatu ni nafasi. Basi moja kubwa huchukua watu ambao, kama kila mmoja angepanda pikipiki yake, wangeijaza barabara. Tena apandaye basi hutembea mpaka kituoni, na akishuka hutembea tena mpaka nyumbani. Kwa hiyo basi lampa mtu sehemu ya mwendo wake wa siku. Dar es Salaam walianza kutumia mabasi yaendayo haraka mwezi wa Mei 2016, nayo yana njia yao wenyewe, na kando yake zimejengwa njia za miguu na za baiskeli. Kwa kazi hiyo mji ule ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018, wa kwanza katika Afrika kuipata. Na Kisumu, mji mwenzetu wa ng'ambo ya ziwa, mwaka 2020 ulitoa mpango wa usafiri uwapao nafasi kubwa watu waendao kwa miguu na kwa baiskeli.

5. Vizuizi viwili: aibu na hatari

Kama dawa hii ni njema hivyo, kwa nini watu waiache? Tumeona vizuizi viwili.

Cha kwanza ni aibu. Mtu akionekana akienda kwa miguu, watu husema kwamba amefilisika. Mwalimu akienda kwa baiskeli, wanafunzi hucheka. Fundi aliyepata fedha kidogo hupenda kwanza kuonyesha kwamba hatembei tena. Ndugu, twajidanganya wenyewe. Katika Copenhagen na Amsterdam, miji ya nchi zenye utajiri, wakubwa na wadogo huenda kazini kwa baiskeli, wala hakuna awachekaye. Umoja wa Mataifa nao mwaka 2018 uliiwekea baiskeli siku yake, tarehe 3 Juni kila mwaka. Mtu asiuonee haya mguu wake. Wahenga walisema, mguu wa kutoka Mungu ameubariki. Hawakusema kwamba amelibariki gurudumu peke yake.

Cha pili ni hatari, nacho si cha kuchekwa. Tukimwambia mama aende kwa miguu, na barabara haina njia ya kando, na magari yapita karibu na nguo yake, tumemwambia nini? Tukimwambia mtoto aende shule kwa baiskeli, na pale pa kuvuka hakuna alama wala tuta, tumempa dawa au tumempa sumu? Mtu anayeyaogopa magari hakosi akili. Akili yake ndiyo inayomwambia apande pikipiki. Kwa hiyo haifai kuwahubiria watu watembee, na njia yenyewe tukaiacha kama ilivyo.

Tena tukumbuke kwamba wako wanaotembea kupita kiasi. Mwanamke wa kijijini aendaye mbali kuteka maji, na ndoo kichwani, na kuni jioni, hahitaji somo la kutembea. Yeye ahitaji maji yaletwe karibu, na baiskeli ya kuchukulia mzigo wake. Mahali ambapo mume huiweka baiskeli kwa ajili yake peke yake, na mke huchukua mzigo kichwani, afya ya nyumba imegawanywa vibaya. Baiskeli ni ya nyumba nzima, na binti naye afundishwe kuiendesha.

Je, hatari yaweza kupunguzwa? Ndiyo, wala si kwa kubahatisha. Shirika moja liitwalo Amend lilianza kazi katika Dar es Salaam kwenye shule za msingi ambazo watoto wake waligongwa mara kwa mara. Hawakujenga mambo makubwa. Walitengeneza njia za miguu kando ya barabara, wakaweka matuta na alama za kuvukia, wakaweka nguzo za kuzuia magari yasipande njia ya watoto, na mahali pengine wakauhamisha mlango wa shule uelekee upande ulio salama. Watoto wote walifundishwa pia. Walipolinganisha, waliona kwamba watoto walioumia walipungua kwa zaidi ya robo. Kazi hiyo ilipewa tuzo kubwa ya kimataifa mwaka 2019. Neno la kujifunza ni hili: hakuna mtu aliyewaambia watoto waache kutembea. Waliitengeneza njia.

Mwendo wa magari ndio kiini cha hatari. Wataalamu wamepima kwamba mwendo wa wastani ukizidi kwa sehemu 1 katika 100, hatari ya ajali yenye kuua huzidi kwa yapata sehemu 4 katika 100. Sheria yetu yaweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho penye makazi, lakini mbele ya shule na soko hata hizo ni nyingi.

Hapa kwetu kazi imekwisha kuanza. Pale Furahisha limejengwa daraja la waendao kwa miguu juu ya barabara ya uwanja wa ndege. Ni jambo jema. Lakini mzee mwenye magoti mabovu, na mama mwenye mzigo, hupata taabu kupanda ngazi, na wengine hukimbia chini katikati ya magari. Kwa hiyo pamoja na madaraja ya juu yahitajika mahali pa kuvukia chini, ambapo magari yanalazimishwa kwenda polepole. Na tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja kubwa la Kigongo na Busisi, ambapo zamani watu walingoja kivuko. Urefu wake ni yapata kilomita 3, nalo lina njia za miguu kando zake. Mtu mwenye afya hulivuka kwa miguu kwa muda usiofika saa moja, akiliona ziwa kuume na kushoto. Kama daraja la urefu ule liliweza kupewa njia ya miguu, barabara ya kata yashindwaje?

6. Yatupasayo kufanya

Kwa kila mtu twashauri hivi:

Safari iliyo chini ya nusu saa kwa miguu, iende kwa miguu, ikiwa njia ni salama na hakuna haja ya haraka. Safari ndefu zaidi, kama kutoka Nyegezi hata mjini, ambayo ni yapata kilomita 10, iende kwa baiskeli kama njia yaruhusu, au kwa basi, ukishuka kituo kimoja kabla ya chako. Pikipiki na iwekwe kwa mambo ya mbali na ya dharura.

Aendaye kwa miguu barabarani ashike upande wa kulia, ili magari yaliyo karibu naye yaje mbele ya macho yake, wala si nyuma. Usiku avae nguo nyeupe au ya rangi kali. Mwenye baiskeli ashike kushoto, awe na breki nzima, kengele, taa mbele na kioo chekundu nyuma, na kofia ngumu kichwani. Jua letu ni kali. Basi afadhali asubuhi na jioni, na maji ya kunywa yasikosekane.

Mtu aliyekaa muda mrefu aanze kwa dakika 10, akaongeza kidogo kidogo. Mwenye presha, kisukari, au maumivu ya kifua amwone tabibu kwanza, wala asiache dawa zake kwa kuwa ameanza kutembea. Mwenye kisukari atazame miguu yake kila jioni, na viatu vyake visimbane, maana kidonda kidogo kwake chaweza kuwa kikubwa. Mwendo ni msaidizi wa dawa, haukuja kuifukuza.

Kwa usharika twashauri hivi:

Wazee wa kanisa wapange mahali penye kivuli pa kufungia baiskeli, na mlinzi wake, ili mtu asiogope kuibiwa wakati wa ibada. Vijana wenye ufundi watengeneze baiskeli za wajane na za wanafunzi siku moja kila mwezi. Watoto waendao shule njia moja waende kwa kundi, na mtu mzima mmoja awaongoze kwa zamu. Wauguzi walio kati yetu wapime presha za watu mara kwa mara, kwa kuwa ugonjwa huu haupigi hodi.

Kwa mji na serikali ya mtaa:

Mkutano wa mtaa ni mali ya wote. Mahali ambapo watoto huvuka kwa hofu, wazazi waandike barua, wataje mahali penyewe, saa ambazo magari ni mengi, na idadi ya watoto wapitao, kisha waipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani, wakiomba tuta, alama na njia ya kando. Malalamiko ya jumla husahauliwa upesi. Barua yenye mahali na hesabu ni vigumu kuisahau. Wala tusiisahau sehemu yetu wenyewe: njia ya miguu ikijengwa, tusiweke juu yake meza za biashara na matofali. Nao ndugu zetu wa bodaboda tusiwatukane. Wanatafuta riziki, nao huumia kuliko wote. Tuwaombe wapunguze mwendo mbele ya shule, nasi tusiwahimize kwa kusema, "Kimbia, nimechelewa."

7. Neno la mwisho

Yule mtumishi tuliyemtaja hakuiuza pikipiki yake, wala hatukumshauri aiuze. Mitaa yake ya mbali angali akiifikia kwa chombo hicho. Lakini nyumba zilizo karibu huziendea kwa miguu, na siku mbili katika juma huitoa baiskeli yake ya zamani, ambayo mnyororo wake ulikuwa umeshika kutu. Dawa zake anazinywa kila siku, naye hupimwa kila mwezi. Alituambia kwamba jambo asilolitazamia ni kwamba watu wamerudi kumsimamisha njiani. Alipopita kwa pikipiki walimpungia mkono tu. Sasa humweleza habari za mgonjwa, za mtoto aliyeacha shule, za nyumba yenye ugomvi. Alikuwa amesahau kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika njiani.

Basi, ndugu, miguu tunayo. Tuitumie tungali nayo, na njia yake tuitengeneze, ili watoto wetu nao waitumie bila hofu.

Maswali ya kujifunza

1. Katika juma lililopita, ni safari ngapi ulizozifanya kwa pikipiki au gari ambazo zingewezekana kwa miguu kwa nusu saa? Hesabu dakika ulizotembea, uone kama zimefika 150.

2. Eleza kwa maneno yako kwa nini makondakta wa London walikuwa na afya kuliko madereva. Katika kazi yako wewe, u dereva au u kondakta?

3. Nyumbani mwako, ni nani atembeaye kupita kiasi, na ni nani asiyetembea kabisa? Mzigo waweza kugawanywaje?

4. Tajeni mahali pamoja katika mtaa wenu ambapo watoto huvuka kwa hatari. Ni nani atakayeandika barua, na ataipeleka siku gani?